Kikao cha upatanisho mtaani Bukavu: namna ya kukiendesha bila kuzaa kisasi kingine

Mwongozo huu ni wa mtu aliyeitwa kuketi katikati: shefu wa avenyu (mkuu wa mtaa), nyumbakumi, mzee wa ukoo, mama kiongozi kanisani, imamu, au jirani tu anayesikilizwa pande zote mbili. Unahusu ugomvi wa kila siku wa Bukavu, mji wa milima mashariki mwa Kongo (RDC): mpaka wa parseli (kiwanja), maji ya mvua, deni, matusi yaliyofika kwenye ngumi. Kosa linaloharibu vikao vingi hufanyika dakika ya kwanza. Mtu anafungua kwa sala, anageukia pande mbili na kusema: "Haya, sameheaneni." Ukweli haujasemwa, hasara haijahesabiwa. Aliyeumia anaitikia kwa mdomo, anapeana mkono, anarudi nyumbani na hesabu yake ikiwa bado wazi.

Maana kisasi ni hesabu kabla ya kuwa hasira. "Jicho kwa jicho" ya Kutoka 21, ambayo watu huitaja kama ruhusa ya kulipiza, iliwekwa kuwa kipimo: jicho moja, usizidishe. Ukitaka kuona kinachotokea pasipo kipimo, soma Mwanzo 4, Lameki anavyojigamba kwamba yeye atalipiziwa mara sabini na saba. Sheria za Hammurabi, zilizoandikwa Babeli karibu mwaka 1750 kabla ya Kristo, zilikuwa na kipimo hicho hicho, lakini cha kibaguzi: jicho la muungwana hulipwa kwa jicho, la mtu wa kawaida kwa mina moja (kipimo cha uzito) ya fedha, la mtumwa kwa nusu ya bei yake. Weka hili akilini ukifika kwenye malipo, kwa sababu vikao vyetu navyo hupenda kumpa mwenye nyumba ya ghorofa fidia, na mbeba mizigo pole.

Kwanza, yasiyoletwa kikaoni

Ubakaji hauletwi. Sheria mbili za Kongo za tarehe 20 Julai 2006, namba 06/018 na 06/019, zimeuweka mikononi mwa mahakama, na mbuzi, mahari au ndoa ya kulazimishwa haviufuti. Kazi yako hapo ni moja: aliyetendewa afike hospitali kabla saa 72 hazijapita, kwa kuwa dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI haifai tena baada ya hapo, na nguo alizovaa zisifuliwe. Kifo nacho ni cha parke (ofisi ya mwendesha mashtaka), hata kama familia zimeelewana juu ya mazishi. Msamaha wa wafiwa hauzimi kesi ya jinai. Chochote chenye silaha, usiketi katikati yake. Na tuhuma ya uchawi usikubali hata kuiweka mezani, kwa sababu ukishaanza kuuliza "nani aliona?", umeshakubali kwamba kuna kesi. Mweke mtuhumiwa mahali salama, hasa akiwa mtoto au mjane, na uwajulishe wenye mamlaka.

Usiku wa kwanza

Seneca, mwanafalsafa wa Roma, aliona kwamba dawa kubwa ya hasira ni kuikawiza. Kwa lugha ya mtaani: siku mbili za kwanza hakuna kikao. Kuna kutenganisha na kuhifadhi.

Watoe vijana wa pande zote mbili katika avenyu hiyo, wakalale kwa shangazi au mjomba. Wazee hutukana, lakini ni vijana wanaorudi na mawe. Kisha piga picha: kidonda, ukuta ulioanguka, mahali maji yalipopita. Fanya hivyo kabla mtu hajafagia wala kujenga upya, maana kesho kutwa kila mmoja atakuwa na ukuta wake wa kukumbuka. Karatasi za hospitali zichukuliwe siku ile ile, na kila fakture (ankara) iwekwe.

Kuna kisasi kingine ambacho hakiitwi kisasi: kumlipia mtu konvokasio, yaani wito wa polisi. Upande wenye pesa unakwenda kwa OPJ (afisa wa polisi wa upelelezi), mwenzake anafungiwa, halafu wanasema "tumeachia sheria." Katiba, kifungu cha 18, hairuhusu mtu kukaa kizuizini polisi zaidi ya saa 48, lakini saa hizo 48 zinatosha kabisa kumfunga mtu chuki ya miaka kumi. Ukisikia konvokasio imekwisha kutolewa, uliza kwanza kama upande huo uko tayari kuisimamisha wakati wa mazungumzo. Kama hauko tayari, usiitishe kikao, kwa sababu mtu mwenye ufunguo wa kashoo (mahabusu) mfukoni hapatani na mtu.

Kwenda kwa kila mmoja

Mathayo 18:15-17 ina utaratibu ambao Wakristo wengi wanaujua kwa moyo na kuuruka kwa miguu: nenda wewe na yeye peke yenu, asiposikia, chukua mmoja au wawili, akikataa, ndipo uliambie kanisa. Sisi huanzia kanisani, tena na kipaza sauti.

Fanya ziara mbili kwa kila upande, zisizopungua hapo. Ziara ya kwanza unasikiliza tu, hata kama ni masaa mawili. Ya pili unauliza maswali matatu. "Papa, kilichoharibika ni nini hasa?" "Aliyeharibiwa ni nani?" "Kifanyike nini ili usiku ulale bila kulifikiria?" Jibu la swali la tatu ndilo kikao chako. Usibebe matusi kutoka nyumba moja kwenda nyingine, wala sifa za uongo. Ukimwambia Mama "yule amekwisha kujuta" naye hajajuta, atakuja na matumaini, atamwona amekunja uso, na utakuwa umempiga mara ya pili.

Sikiliza pia neno "dharau." Aristotle aliieleza hasira kuwa ni hamu ya kulipiza kwa sababu ya kudharauliwa pasipo stahili, na ukikaa kwenye ugomvi wa parseli utaona alivyokuwa sahihi. Mtu anaanza na sentimita 40 za ardhi, na baada ya saa moja anafika kwenye lenyewe: "Aliniambia mbele ya watoto wangu kwamba mimi ni mpangaji tu." Sentimita zina fundi wa kuzipima. Sentensi ile inahitaji kurudishwa na aliyeitoa, mbele ya watoto wale wale, na usipoiandika katika ajenda hakuna dola itakayoiziba.

Watu, mahali, saa

Wapatanishi wawe watatu au watano. Mmoja awe mwanamke anayesema, si yule wa kuchemsha chai tu. Katika ugomvi wa maji na kuta, wanawake ndio waliokuwa nyumbani jambo lilipotokea. Asiketi mtu anayedaiwa na upande wowote, wala mpangaji wa mmojawapo. Kila upande ulete watu watano, basi. Zaidi ya hapo ni mkutano, na mkutanoni watu husema ili wasikike na ndugu zao.

Mahali pasiwe kwenye baa wala nyumbani kwa pasta wa mmoja wao. Darasa la shule au ua wa shefu linafaa. Siku ya posho (Jumamosi) asubuhi kuna salongo (kazi ya pamoja ya usafi), na Waadventista wako ibadani. Ijumaa mchana Waislamu wanasali. Siku ya Mungu (Jumapili) saa nane ndiyo huwafaa wengi, na mmalize kabla ya saa kumi na moja, giza na mvua visije vikawaamulia. Viti vipangwe kama kwato la farasi, wahusika wakae kwenye ncha mbili, wote wakiangalia wapatanishi. Kuwakalisha uso kwa uso ni kuwaambia wapigane. Simu zote zizimwe. Kipande cha video kikifika WhatsApp, kikao kimehamia huko.

Mfano wa mteremko

Chukua ugomvi unaofanana na mingi ya Kadutu, komuni ya Bukavu. Nyumba ya juu imeelekeza maji ya paa lake chini. Mvua kubwa ya Aprili inapiga, ukuta wa jiko la Mama wa nyumba ya chini unaanguka. Jioni vijana wake wawili wanapanda na fimbo, wanamkuta mtoto wa kwanza wa nyumba ya juu, motari (dereva wa pikipiki ya abiria), wanamvunja kifundo cha mkono. Sasa kila nyumba ni mkosaji na kila nyumba imekosewa. Hii ndiyo hali ya kawaida. Ugomvi wenye mkosaji mmoja ni nadra kuliko watu wanavyosema.

Anza na aliyeumia kwanza kwa saa, yaani Mama. Dakika kumi, bila kukatizwa. Kisha mpatanishi amwambie Papa wa juu: "Papa, rudia alichosema Mama, sio unachofikiri." Atarudia vibaya. Mama atamsahihisha. Arudie tena. Inachosha, na ndiyo saa yenye thamani kuliko zote, kwa sababu ni mara ya kwanza maneno ya adui yanapita kinywani mwake. Baadaye mgeuze: motari aseme, na vijana wawili warudie.

Kisha nendeni mkaone. Wote, kwa miguu, kwenye ukuta. Mambo mengi yaliyobishaniwa nusu saa hukwisha kwa kumwaga ndoo mbili za maji juu na kuangalia yanakopita.

Kuomba msamaha

Anayeomba ni aliyetenda. Baba hawezi kuombea vijana wenye ndevu. Akifanya hivyo wao wanabaki nyuma wakitabasamu, na motari anaona lile tabasamu. Kanuni ya maneno ni fupi: taja kitendo, mtaje uliyemtenda, sema utakachofanya, usidai kitu.

Sikiliza hili ("yaya" ni kaka mkubwa): "Kama kuna mahali tulikukosea, yaya, utusamehe, ilikuwa shetani tu." Hapo hakuna kosa, hakuna mkosaji, na kazi yote imewekwa kwa mwenye mkono uliovunjika. Linganisha na hili: "Yaya, mimi ndiye niliyekupiga fimbo ya mkono, na ulikuwa umeshaanguka. Hukuwa wewe uliyeelekeza maji. Nitalipa hospitali na siku ulizokosa kazi. Sikuombi unijibu leo." Kipande cha "ulikuwa umeshaanguka" ndicho kinachofanya kazi. Aliyepigwa alikuwa anajua, akingoja kuona kama mwingine atakubali kujua.

Mawaidha ya kuandaa hili yafanyike faragha, siku moja kabla. Mzoeze kijana kusema mara tatu. Si unafiki, mtu mwenye aibu hukimbilia "kama" na "shetani" asipokuwa amezoea maneno mengine.

Asiposamehewa? Maimonides, mwanasheria wa Kiyahudi wa karne ya 12, aliandika utaratibu: aende na marafiki watatu, akikataliwa arudi mara ya pili na ya tatu, kisha amwache. Mara tatu ni kipimo kizuri hata mtaani. Chini ya hapo ni uvivu, na juu ya hapo anayeomba anageuka kuwa msumbufu.

Hesabu, na mtego wa kufutana

Ita fundi atoe devi (makadirio ya gharama), na devi hiyo ionekane na pande zote mbili. Tuseme imetoka hivi: sementi mifuko 6 kwa dola 13, ni 78, mawe na mchanga 45, fundi na msaidizi siku 4 kwa 15, ni 60. Jumla 183. Upande wa pili: fakture ya hospitali 85, siku 18 za kazi zilizopotea kwa dola 5, ni 90. Jumla 175.

Hapa mzee mmoja atacheka na kusema: "Jamani, 183 na 175! Zifutane, aongeze 8, twende tukanywe." Watu watapiga makofi. Mkatalie.

Aliyepoteza jiko ni Mama. Aliyepoteza mkono ni motari. Pesa zikifutana, zinafutana kati ya vichwa viwili vya familia ambao hakuna aliyepigwa kati yao. Motari hapati hata faranga. Amelipia maji ya baba yake kwa mfupa wake. Vijana wawili hawatoi kitu. Wamejifunza kwamba fimbo ina thamani ya ukuta. Pesa zipite zote mbili, mkono kwa mkono, hata kama zinapishana mlangoni. Vijana walipe kutoka kazi yao wenyewe, hata sehemu. Papa wa juu amkabidhi Mama mwenyewe.

Malipo yasizidi awamu tatu, na ya kwanza iwe juu ya meza siku ile: 63 kisha 60 na 60 kwa ukuta, 55 kisha 60 na 60 kwa mkono. Tarehe ziwe moja kwa pande zote, ili asiwepo wa kusema "yeye kwanza." Kwa kijana asiye na kazi, siku za kazi zinaweza kuhesabiwa: abebe mawe ya ukuta. Ila uliza kwanza kama Mama anataka kumwona uani kwake kila asubuhi.

Gharama za kikao, chai na karatasi, zigawanywe nusu kwa nusu. Mpatanishi akipokea "ya sabuni" kutoka upande mmoja, amekwisha kuwa wakili wake.

Jibu la aliyeumia

Sasa, na si kabla, ndipo swali la msamaha linaulizwa, tena kwa majibu matatu yaliyo wazi: "Nimesamehe." "Bado, lakini sitalipiza." "Sikubali." Jibu la pili linatosha kufunga kikao. Tunalisisitiza kwa sababu viongozi wa dini wengi hulihesabu kuwa kushindwa. Askofu Joseph Butler, katika mahubiri yake yaliyochapishwa Uingereza mwaka 1726, alitofautisha uchungu wa mtu aliyekosewa, ambao Mungu ameuweka kwa kazi yake, na kuugeuza uchungu huo kuwa kudhuru. Kinachokatazwa ni hicho cha pili. Tume ya Ukweli na Upatanisho ya Afrika Kusini haikumdai mkosaji hata majuto ili apate msamaha wa kisheria. Ilimdai kusema kila kitu. Na Luka 17:3, inayosomwa nusu nusu, ina maneno mawili kabla ya kusamehe: mwonye, na akitubu.

Qurani nayo, Sura ya 42 aya ya 40, inaanza na haki ya malipo yanayolingana na ubaya, ndipo inamsifu anayesamehe na kusuluhisha. Mwenye kusamehe anaachilia kitu alichokuwa nacho. Ukimnyima kwanza haki yake, hana cha kuachilia.

Usichanganye pia kusamehe na kurudiana. Mama anaweza kusamehe na bado asitake salamu za asubuhi kwa mwaka mzima. Anaweza kusamehe na akadai 183 zake. Wazee watasema yaliyopita si ndwele. Waulize ni nani aliyelala nje mvua iliyofuata.

Kinywaji kije baada ya awamu ya kwanza kulipwa. Waacholi wa Uganda, katika mato oput, pande mbili hunywa mzizi mchungu pamoja, lakini fidia huwa imekwisha kuafikiwa. Kwetu kasiksi au Primus ikitangulia, watu hukubaliana kwa ulevi na kukana kwa kichwa kinachouma. Wapo wasiokunywa, Waislamu na walokole. Chai au Fanta haipunguzi kitu, mradi imiminwe kutoka chombo kimoja.

Karatasi

Andika PV (hati ya kikao) kwa mkono unaosomeka, nakala nne: moja kila upande, moja ya shefu, moja ya wapatanishi. Usiandike "tumesameheana na tutaishi kwa upendo," maana upendo hauna tarehe. Andika: mfereji wa upana wa sentimita 40 utachimbwa na nyumba ya juu hadi kwenye mtaro wa barabara, utamalizika tarehe fulani, ukuta utajengwa na fundi fulani, malipo haya, tarehe hizi, maneno "mpangaji tu" hayatatamkwa tena. Andika na kitakachofuata mtu akikosa tarehe: siku saba za kukumbushwa, kisha kikao kifupi, kisha tribinali de pe (mahakama ya amani), na PV hii ikiwa kielelezo. Isomwe kwa sauti, kwa Kiswahili na kwa Mashi au lugha ya mzee asiyesikia Kiswahili vizuri, kabla ya saini na dole gumba. Jina la motari liwepo kama mtu anayelipwa, si "mtoto wa fulani."

Baada ya hapo

Pita siku ya saba, bila sababu, uone kama vijana wanapishana njiani au wanazungukana. Pita siku ya thelathini, awamu ya pili ikiwa imefika. Awamu ya pili ndiyo hukosekana mara nyingi. Ya kwanza hulipwa kwa aibu, ya tatu kwa mazoea, ya pili haina msukumo. Ikichelewa, nenda kwa mdaiwa kabla mdai hajapanda.

Halafu subiri mvua. Kama mlipatana Juni, hamjui kama mmepatana kweli, kwa kuwa mlima umekauka na mfereji haujajaribiwa. Mvua kubwa ya kwanza ya Septemba ikipiga, vaa buti, panda na Papa wa juu na mmoja wa vijana wa chini, mkasimame pale mfereji unapokata kona. Chukueni koleo moja.